Kanuni ya Ndizi Ndani ya Viazi

Jumatatu asubuhi, Machi 1997, wakulima wa Kibirichia walishuka na lori hadi Embu na kumwaga viazi vilivyooza mbele ya ofisi ya mradi wa kompyuta iliyokagua mbegu. Mbegu waliyouziwa kuwa safi ilikuwa na mnyauko, ugonjwa ambao ukishaingia shambani hautoki kwa maombi. Kila kidole kilimwelekea Kinya, mkaguzi wa viazi. Inspekta Muchangi alikuwa na pingu, lakini hakuwa mtu wa kukurupuka.

"Kompyuta ndiyo ilipitisha," alisema. "Inafundishwa na nani?"

Njagi, mkuu wa mradi, alimweleza. Kila kituo kiliandika maarifa yake chenyewe: Kibirichia viazi, Mitunguu ndizi, Kibugu chai. Hakuna aliyegusa sehemu ya mwenzake. Mashine ya Embu ilikuwa na viungo tu, vya kupeleka kila swali kwenye kituo chake. Walioweza kuvibadilisha ni wawili: Njagi, na fundi Kaberia aliyehamishwa kutoka Mitunguu.

Stephen, dereva aliyesafirisha disketi za maarifa kutoka vituoni hadi Embu, alishukiwa pia. "Afande, mimi nabebanga tu. Hata kuwasha hiyo mashine sijui!" Muchangi alimwamini, jamaa aliishika disketi kama sahani ya uji wa moto.

Muchangi akaagiza mashine iulizwe: kwa nini magunia ya Mama Igoki, aliyeuza mbegu ile, yalipita? Jibu likatokea: yamechovywa kwenye maji moto.

Kinya alicheka huku machozi yakimtoka. "Viazi? Sisi tunauliza shamba limepumzika misimu mingapi. Maji moto ni ya miche ya ndizi, kuua minyoo. Sehemu yangu haina hiyo kitu!"

Wakaifungua. Kweli haikuwemo. Na wiki magunia yalipopita, Njagi alikuwa amelazwa hospitalini.

"Sijagusa kitu ya Kinya," Kaberia alisema haraka.

"Hukuigusa," Muchangi alimjibu, "hilo ni kweli. Ulipindisha kiungo, swali la viazi likaenda Mitunguu. Mashine ikauliza kama vimechovywa, ukajibu ndiyo. Mtu wa viazi angedanganya kuhusu shamba. Wewe ulidanganya kwa unachokijua. Igoki ni nani wako?"

Kaberia aliinama. "Ni mathe. Wangemfungia shamba kwa huo mnyauko, afande. Angekula nini?"

Muchangi alitoa pingu. Kinya ndiye aliyejibu, kwa hasira.

"Ungeniambia, Kaberia. Shamba la mamako lingepumzika misimu mitatu, na sisi tungemlisha. Sasa yatapumzika mashamba ya Kibirichia yote, hata la mama yangu. Nani atamlisha nani?"