Chumvi Ndani ya Gundi

Maneno yalianzia kwenye foleni ya maji. Ati gundi ya unga ikikaa siku mbili huota ukungu, na ukungu huo humwingia mtoto kifuani usitoke tena. Mama mshona vitabu aliyasikia mara moja tu, yakamganda kama kupe. Alifua nayo. Akalala nayo.

Binti yake, waliyemwita Kipepeo, alikuwa na pumu. Wawili hao waliishi kwenye chumba kimoja pamoja na kazi: meza, uzi, sindano na bakuli la gundi.

Siku hiyo mezani palikuwa na daftari la mkunga. Lilikuwa na majina ya watoto wa miaka thelathini, na kurasa zimelegea zote.

"Nimekuachia mtaa mzima," mkunga alisema. "Sina nakala nyingine, mwanangu."

Gundi yenyewe ni unga mweupe, umetengenezwa kwa nyuzi za miti. Ukiyeyuka kwenye maji baridi huwa kama kioo. Lakini siku hiyo mama alitia vijiko vitatu vya chumvi, na kipande cha magadi. Chumvi huzuia samaki kuoza, aliwaza, itashindwaje na gundi? Akaliweka bakuli dirishani, juani, ili jua nalo liue ukungu.

Mchana ulikuwa mzito, wa kusinzia. Vumbi lilielea kwenye mwanga. Mama alipakaza ukurasa wa kwanza huku akiota macho wazi. Aliona majina yakitoka daftarini moja moja, yakipita dirishani, yakicheka.

"Mama! Gundi imekuwa maziwa!"

Akazinduka. Bakuli lilikuwa na vibonge vyeupe, na maji yamejitenga. Ukurasa ulikuwa umebanduka, na wino umeanza kuvuja pembeni. Akaukandamiza kwa kitambaa.

"Mkimbilie Bi Brashi!"

Bi Brashi alikuwa jirani yao, fundi wa kubandika karatasi za ukutani. Alichungulia bakuli.

"Shoga, uji huu umempikia nani?"

"Usinicheke. Nimetia chumvi. Na magadi. Kidogo tu."

"Na jua juu yake! Maadui wote umewakaribisha." Akavuta kigoda. "Sikia. Unga huu hushikana na maji yakiwa baridi. Yakipata moto, huachana nayo. Sasa chumvi ina kiu. Inaupokonya unga maji yake, basi hata joto dogo linatosha kuutenga. Magadi ndiyo mabaya zaidi."

Akaliweka bakuli ndani ya beseni la maji baridi. Kipepeo akakoroga taratibu, taratibu. Weupe ukapungua kama ukungu wa alfajiri, hadi akaona ua lililochorwa ndani ya bakuli, chini kabisa.

"Imerudi!" alinong'ona.

"Imerudi, lakini mwageni. Chumvi itabaki kwenye karatasi, nayo hunyonya unyevu."

"Na kifua cha mwanangu?" mama aliuliza.

Bi Brashi aliacha utani. "Kuogopa ukungu ni haki yako. Ukungu na pumu havipatani kweli. Basi tengeneza ya siku moja, funika, inayobaki mwaga. Fungua dirisha. Kurasa zikauke kabisa kabla hujafunga kitabu."

Wakatengeneza upya, kwa maji baridi safi, wakabandika kurasa zote. Siku ya tatu mkunga alifungua daftari. Akalitikisa. Hakuna ukurasa uliotoka. Kipepeo alitafuta ukurasa wa mia na nne, akaweka kidole juu ya jina lake mwenyewe, na kidole kikatoka kikavu.

Mama akachukua kipande cha karatasi. Aliyoyaandika yako ukutani mpaka leo:

Usitie chumvi kwenye gundi ya unga.
Usitie magadi, hata chembe.
Usitumie maji ya kisima yenye ladha ya chumvi.
Usiiweke juani wala karibu na jiko.
Usilaze gundi. Ya jana mwaga.
Usifunge kitabu kibichi.
Usiendeshe nyumba kwa maneno ya foleni. Uliza kwanza.