Pasipoti ya Mume na Mke

Bilele, Bukoba, 1953. Alhamisi, saa kumi jioni.

Zahoro alichora boma kwa chaki juu ya meza ya fundi cherehani.

"Askari mmoja mlangoni. Kabati hili hapa. Ndani mna pasipoti tupu na mihuri. Jumapili wakubwa wote wako kanisani."

Polisi walikuwa wakimsaka kwa kuvunja ghala. Alitaka kuvuka mpaka kwenda nchi ya Wabelgiji, na Wabelgiji hawakumpokea mtu asiye na pasipoti.

Byarugaba, karani aliyefukuzwa boma, alikuwa na nakala ya ufunguo wa kabati. Lakini macho yake yalikuwa kwa Kokushubila, mwanamke aliyesimama kando ya meza. Miaka mitatu alimpenda. Leo mkono wa Zahoro ulikuwa begani kwake, naye hakuuondoa.

Jumapili, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Kokushubila alimpelekea askari ebitoke, ndizi za kupikwa, vya moto, akamchekesha. Byarugaba alipita dirishani. Kabati likafunguka. Pasipoti moja tu! Aliichukua pamoja na muhuri, akatoka.

Saa nne kasoro robo.

"Moja inatosha," Zahoro alisema. "Mke huandikwa humo humo. Una mwandiko mzuri. Andika."

"Mke nani?"

"Kokushubila."

Byarugaba alimtazama mwanamke yule. "Kweli?"

"Andika, Byarugaba," Kokushubila alisema. " Lori linangoja."

Aliandika. Kalamu ilitoboa karatasi kidogo.

"Na mimi?"

"Utafuata," Zahoro alisema bila kumwangalia.

Saa nne na nusu, Byarugaba alikuwa mbele ya inspekta. "Wameshika njia ya Muleba. Nipelekeni, nitawaonyesha."

Saa saba mchana, Muleba.

Gari la polisi lililipita lori na kulizibia njia. Zahoro aliruka, akakimbilia migombani. Risasi moja. Alianguka akishika paja.

Kokushubila alishuka polepole. Byarugaba alimsogelea, akamnyooshea mkono.

"Koku, huyu hakukufaa. Nitawaambia alikulazimisha."

Inspekta alifungua pasipoti iliyokutwa kwenye lori.

"Nani aliandika hii?"

Byarugaba aliwahi kujibu. "Zahoro, bwana."

"Zahoro hajui kuandika," Kokushubila alisema. "Mwandiko ni wa huyu. Nina barua zake arobaini nyumbani, bwana. Nendeni mkalinganishe."

Pingu zikafungwa kwenye mkono ule ule ambao Byarugaba alikuwa bado ameunyoosha.