Uzito wa Nyuma Kushoto

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa magari, mtu asiyejua kudanganya hata anapoomba ruhusa kazini. Mama mmoja, mteja wake, alimletea gari lenye springi za upepo, zile zinazopima zenyewe uzito wa abiria.

"Linalala nyuma kushoto, mwanangu," alilalamika, "na sijapakia mtu."

Fundi akabadilisha kihisio cha uzito, akatoka peke yake kulijaribu. Ilikuwa mchana kweupe. Alipoingia kwenye handaki la barabara kuu, giza likamfunika, na chini ya gari akasikia upepo ukitoka: fyuuu. Nyuma kushoto kukalala. Akatupia jicho kioo cha kutazamia nyuma. Kilikuwa kimejitia giza, kama kinavyofanya kikimulikwa na taa za gari linalofuata. Lakini nyuma hapakuwa na gari.

Akaliegesha gari kando.

"Tafadhali, shuka," akanong'ona bila kugeuka.

Kisha pampu ya springi ikanguruma, na nyuma kukainuka taratibu. Akashusha pumzi, ingawa hakusikia mlango ukifunguka.

Ndipo ngozi ya kiti cha kando yake ikalia, ikabonyea polepole.