Fundi Kesho na Vidole Vyenye Ganzi

Wateja walimwita Fundi Kesho. Ukimpelekea kitambaa, atakwambia nguo uifuate kesho. Ukija kesho, atacheka na kukwambia kesho tena. Lakini hakuna aliyemhama, maana mshono wake ulinyooka na vifungo vyake havikung'oka.

Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha. Mume wake, seremala, alifanyia kazi uani. Randa huku, cherehani kule, na utani kutwa nzima.

Fundi Kesho alikuwa na saratani ya titi. Alishafanyiwa upasuaji na kupewa dawa za kawaida, lakini ugonjwa ukarudi. Katika hospitali ya chuo kikuu, daktari akamweleza kwamba watafiti wa chuo wana dawa mpya. Walikuwa wameijaribu maabarani kwa muda mrefu. Sasa walitafuta kiasi kinachofaa kwa binadamu.

"Siwezi kukuahidi kwamba itakuponya," daktari alisema. "Na hulazimishwi. Ukikataa, au ukijitoa baadaye, tutaendelea kukutibu."

Fundi aliuliza maswali, akaenda nyumbani akafikiri, akakubali.

Kila wiki muuguzi wa utafiti, binti mpole, alimpigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Habari za dawa?"

"Nzuri tu, namshukuru Mungu."

"Hakuna maumivu? Ganzi?"

"Hakuna. Salama kabisa. Wanao hawajambo?"

Haikuwa kweli. Vidole vyake vilikuwa vinakufa ganzi. Sindano zilimponyoka. Nguo za watu zikarundikana, na safari hii kesho haikuwa utani. Lakini aliogopa kutolewa kwenye utafiti. Tena, angeanzaje kumlalamikia binti anayemjali vile? Tumelelewa kujibu "nzuri" hata jino likituuma, na Fundi alilelewa vizuri sana.

Asubuhi moja alikuwa akibana pindo la shati jeupe la shule. Mume wake akapita na mbao begani, akasimama ghafla.

"We mama! Damu hiyo!"

Fundi akatazama. Pini ilikuwa imezama kwenye kidole chake. Shati lilishalowa damu, naye hakusikia lolote.

Seremala akatua mbao. Akaichomoa ile pini.

"Tangu lini huna hisia vidoleni?"

Machozi yakamtoka Fundi. "Nikisema watanitoa. Wakinitoa nimekwisha, baba."

"Na usiposema je? Vaa viatu, twende."

Hospitalini muuguzi aliwapokea kwa tabasamu.

"Shikamooni. Habari za dawa, mama?"

"Marahaba. Nzuri..."

Seremala akakohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Si nzuri," Fundi akasema kwa sauti ndogo, akanyoosha vidole.

Muuguzi akavishika kimoja kimoja. Hakukasirika. "Pole sana mama. Na mimi unisamehe. Ningekuuliza kama unaweza kutunga uzi, ningejua mapema."

"Mtanitoa?"

"Daktari ndiye ataamua. Mara nyingi tunapumzisha dawa kwanza, kisha tunaipunguza. Lakini sikiliza, mama. Maabara inaweza kupima damu yako. Haiwezi kupima kidole chako kinahisi nini. Hilo unalijua wewe tu. Ukituambia salama, tutaamini kwamba kiasi hiki ni salama, na mwenzako atapewa hicho hicho."

Fundi akamkumbuka dada mmoja msusi, ambaye hukaa naye wakisubiri dawa.

"Hata yule msusi?"

"Ya mwenzako siwezi kukusimulia. Lakini ndiyo, mko wengi."

Fundi akainamisha kichwa. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona huruma. Akaeleza yote, tangu ganzi ya kwanza.

Daktari alimsimamishia dawa, kisha akampa kiasi kidogo zaidi. Wagonjwa wengine nao wakaulizwa upya, na msusi mwenyewe alimsimulia Fundi huku akicheka kwa uchungu: naye alikuwa anajibu "nzuri". Watafiti wakapunguza kiasi kwa wote.

Ganzi ikapungua polepole, ingawa haikuisha yote. Picha za hospitali zilionyesha kwamba uvimbe haujakua. Hakuna aliyesema amepona, lakini nyumbani walishangilia. Shati jeupe lilishonwa upya. Mwenye shati aliambiwa aje kesho, na kesho yake akalikuta tayari. Mtaa mzima ukashangaa.

Wiki hiyo simu ikalia.

"Shikamoo mama. Habari za dawa?"

"Marahaba. Una nafasi, mwanangu? Vuta kiti. Kidole gumba kizima. Hiki cha pili kinawaka moto. Na jana nimetapika."

"Asante sana, mama. Kuna jingine?"

"Lipo. Yule mama mpishi aliyejiunga juzi, usimuulize habari. Muulize kama sufuria linamponyoka."