Nani Anakula Firigisi kwa Cherop

Mwezi wa tatu, mvua ikishanyesha mara mbili, Kitale hakukaliki. Kila mwenye robo ekari anataka mbegu na mbolea siku hiyo hiyo. Siku ile foleni ya agroveti ilikuwa imetoka mlangoni, ikampita kinyozi, ikafika kwa mama wa ndizi. Wanaume na gambuti za matope, wanawake na leso kiunoni, na hakuna aliyekuwa na subira.

Mbele kabisa alisimama msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa sweta ya rangi ya maruni aliyoifuma mwenyewe. Aliitwa Cherop. Kazi yake ilikuwa kufuma sweta za shule nyumbani kwake Kibomet, mtaa wa hapo hapo Kitale. Watu walidhani ataomba mbegu kama wengine, lakini yeye aliuliza kama kuna chakula cha mbwa mwenye tumbo dhaifu.

Foleni nzima ilicheka. Mzee mmoja alisema watu hapa wanatafuta cha kulisha watoto. Mwingine akasema ati mbwa apewe soda ya tangawizi. Mwenye duka akatoa mfuko uliochorwa mbwa mnene anayetabasamu, na Cherop akasema huo alishaununua, mbwa akaharisha siku tatu.

"Huyo mbwa anaitwa nani?" sauti iliuliza kutoka nyuma yake.

"Chuma."

"Anaitwa Chuma na tumbo ni ya karatasi?"

Wakacheka tena. Cherop akageuka amjibu vibaya, akakuta kijana wa shati safi, ila nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Huyo ndiye Mukhwana. Alikuwa na mashini ya kusaga unga Bungoma mjini, na Kitale alikuja kutafuta mkanda wa mashini.

"Unampa unga gani?" Mukhwana aliuliza.

"Si ule wa mbwa, wanauza hapo sokoni."

"Dada, hiyo ni mahindi ya kuoza. Mimi nasaga, naona yenye inaletwa. Hata kuku yangu siwezi patia. Wacha nikutumie unga safi, ya kukoboa, niweke na unga ya wimbi kidogo. Hiyo tumbo itashika."

"Kumbe wewe ni daktari wa mbwa."

"Mimi ni daktari wa unga."

Cherop aliziangalia zile nyusi, akajaribu kununa, akashindwa. Alimpa namba ya simu mbele ya watu wote, na yule mzee akasema kumbe hata mbwa siku hizi anatafutia mtu mchumba.

Ndivyo ilivyoanza. Kila wiki mbili Mukhwana alifunga kifurushi cha unga, akaandika jina la Cherop kwa kalamu nzito, akakituma Kitale. Kila jioni akishazima mashini alipiga simu, na swali lake la kwanza lilikuwa moja tu.

"Chuma amekula?"

"Amekula, asante. Na wewe?"

"Mimi nani atanipikia?"

"Si uende kwa mamako."

"Mama amechoka na mimi. Amesema nitafute mtu wa Kitale."

"Basi tafuta. Kitale ni kubwa."

Wakacheka hivyo mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Kufika wa saba hakukuwa na mchezo tena. Wazee wa Mukhwana walikubali kwenda kwao Cherop, Endebess, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, kujitambulisha na kuomba. Atakayewaongoza ni Sifuna, baba yake mdogo, mtu wa suti nyeusi na maneno makali.

Sasa ilikuwa imebaki wiki tatu. Mukhwana alimtembelea Cherop Jumapili moja, mkononi jogoo wa kienyeji amefungwa miguu. Cherop alimpika vizuri, mchuzi mzito, ugali moto, mboga ya kunde kando. Mukhwana alinawa mikono, akafungua sufuria, akatazama. Paja lilikuwepo, shingo ilikuwepo, maini yalikuwepo. Firigisi haikuwepo.

Kwa mtu mwingine hiyo ni nyama tu, tena ngumu. Kwa kina Mukhwana firigisi, wao wenyewe wanaita imondo, ni ya mwanaume wa nyumba. Mwanamke akikuwekea sahanini, amekwambia maneno ambayo mdomo wake hausemi. Asipokuwekea, pia amekwambia. Na mgeni hawezi kuuliza, ni aibu. Mukhwana alikula kimya, akajiambia pengine ilianguka wakati wa kuosha. Hawa ni watu wa mlimani, pengine hawajui kupasua kuku.

Jumapili iliyofuata akaleta jogoo mwingine, mkubwa zaidi. Akakaa macho mlangoni mwa jikoni wakati wote Cherop anapika, lakini aliitwa nje na jirani amsaidie kubeba gunia. Aliporudi chakula kilikuwa mezani. Alikoroga mchuzi kwa kijiko mara mbili. Haikuwepo.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia, na ukishaingia hauingii kidogo. Akaanza kuona vitu. Viatu vya kuogea vikubwa mlangoni, vya nani? Cherop akasema ni vyake, anapenda vikubwa. Simu yake ikawa na shughuli saa saba mchana, anaongea na nani saa saba? Siku moja Cherop aliiweka simu mezani bila kukata, na Mukhwana, kule Bungoma, simu sikioni, akamsikia akisema kwa mbali, kwa sauti laini ambayo yeye hajawahi kuambiwa nayo, "Kula polepole, hakuna mtu atakunyang'anya." Akakata simu. Siku hiyo alisaga mahindi ya watu wawili akayachanganya, ikabidi awalipe.

Kilichommaliza ni Kimaiyo. Kimaiyo aliuza kuku wa kuchinjwa soko la Kitale, mtu mcheshi asiyejua kufunga mdomo. Jumanne ya wiki ile ya kwenda Endebess Mukhwana alikuwa Kitale tena kwa mambo ya mashini, akasimama kununua kuku wa tatu, maana alitaka kujaribu mara ya mwisho.

"Huyo unampelekea nani?" Kimaiyo akauliza.

"Cherop, wa Kibomet."

"Cherop wa sweta? Huyo ni kastoma yangu. Yeye namwekea firigisi kila siku mbili. Mwingine hawezi pata hata moja, zote ni za Cherop."

Mukhwana alimwachia kuku yule juu ya meza. Alitembea mjini bila kujua anaenda wapi. Kila siku mbili. Mwanamke anayeishi peke yake, hamlishi mtu yeyote, ananunua firigisi kila siku mbili. Na yeye anatuma unga kama mjinga. Akamwona huyo mwanaume kichwani, akampa urefu, akampa kifua, akampa hata jino la dhahabu. Akamwona ameketi kwenye kile kiti cha Cherop cha mto wa bluu, anatafuna polepole kwa sababu ameambiwa hakuna atakayemnyang'anya.

Kufika Bungoma alienda moja kwa moja kwa baba mdogo. Sifuna alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Alisema nyumbani kwao mwanamke ameshawahi kurudishwa kwa wazazi kwa firigisi moja, seuze hizi za kila siku mbili. Alisema suti yake ilikuwa tayari imepigwa pasi, lakini hataivaa kwenda kuaibishwa milimani. Usiku huo huo Mukhwana akaandika ujumbe. "Jumamosi hatuji. Muulize mwenye anakula firigisi kwako."

Cherop alipiga simu mara sita. Mukhwana hakushika. Mara ya saba haikupigwa, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Alhamisi akashindwa. Akajiambia anaenda tu kumwona huyo mtu kwa macho, basi, aachane na mambo. Saa saba mchana alikuwa Kibomet. Mlango ulikuwa wazi. Cherop alikuwa amechuchumaa kando ya jiko, kanga kiunoni, macho yamevimba. Alimwona, hakusimama.

"Karibu," alisema. "Umefika saa ya chakula chake."

"Yuko wapi?"

"Ngoja utamwona."

Akatoa firigisi sita kwenye sufuria, zimechemshwa bila chumvi, bila kitunguu. Akazikatakata ndogo ndogo juu ya kibao, bila haraka, Mukhwana amesimama juu yake akipumua. Akazichanganya na wali uliolainika na malenge ya kuponda. Akazipoza kwa kupepea na kifuniko. Kisha akaita.

Chuma akatoka chini ya kitanda, mbwa wa kahawia, mbavu zimeanza kufunikwa na nyama, mkia unapiga miguu ya Mukhwana. Akaingiza pua kwenye bakuli.

"Kula polepole," Cherop akamwambia mbwa. "Hakuna mtu atakunyang'anya."

Mukhwana akakaa chini, si kwenye kiti, kwenye sakafu.

Akauliza unga wake ulienda wapi. Cherop akamwambia ukweli. Ule unga mbwa alikula siku mbili za kwanza, akaharisha mpaka akashindwa kusimama. Daktari wa mifugo akamwambia achague kitu kimoja, ampe wiki nzima, aandike kwenye kalenda, ndipo ajaribu kingine. Kalenda ilikuwa ukutani, Mukhwana aliiona kila alipokuja na hakuisoma. Unga, tumbo mbaya. Maziwa, mbaya zaidi. Omena, ametapika. Mayai, ametapika. Kisha firigisi na wali, na kutoka hapo alama za vema peke yake, mwezi mzima. Unga wa Mukhwana Cherop alikula mwenyewe, na mwingine akampa jirani.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unauliza na furaha sana. 'Chuma amekula?' Ningesema nini? Ati unga yako inamuua?"

Hapo naye Mukhwana akaeleza mambo ya firigisi, polepole, akiangalia sakafu. Cherop alishangaa kweli. Kwao firigisi anapewa mtoto atakayelia kwanza. Hakujua kuna wanaume wazima wanaingoja.

Mukhwana alidhani sasa atacheka, na yeye acheke, yaishe. Cherop hakucheka.

"Kumbe ulikuwa unahesabu nyama kwa sufuria yangu," alisema. "Jumapili mbili umekaa hapo unakula, unaniita mpenzi, na roho yako inahesabu."

"Cherop, nisamehe. Ni wivu."

"Wivu nimeelewa. Ungeniuliza ningekuonyesha. Lakini wewe ulienda kuambia wazee wako. Mama yangu ameshaalika watu. Jana nimempigia nikamwambia hamji, akaniuliza nimefanya nini. Mimi, nimefanya nini. Sasa huko Bungoma mimi ni yule wa wanaume wawili. Nani atawaambia ni uongo?"

Chuma alimaliza, akalamba bakuli, akaja kulala juu ya mguu wa Cherop. Mukhwana alimtazama mbwa. Alijua kitu kimoja tu kitamrudishia Jumamosi, na alijua kitamgharimu jina lake kwa baba mdogo mpaka siku atakayozeeka. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

Sifuna alishika. Mukhwana alimsalimu, akamwambia amemwona anayekula firigisi.

"Ni nani?" Sifuna akauliza. "Tunamjua?"

"Ni mbwa, baba."

"Mbwa?"

"Ni mbwa mgonjwa wa tumbo," Mukhwana akaendelea. "Vitu vingine vinamkataa. Hata unga yangu ilimkataa. Hakuna mwanaume. Nilikutia aibu bure, nikamsema vibaya msichana wa watu. Makosa ni yangu."

"Wewe Mukhwana." Sifuna alivuta pumzi ndefu. "Umenifanya nirudishe suti kwa sanduku kwa sababu ya mbwa?"

"Ndiyo, baba."

"Huyo msichana yuko hapo? Mpatie simu."

Cherop akaichukua kwa mikono miwili. Sifuna akamwita "mama" kwa heshima, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima, sauti yake imekuwa ya chini. Akauliza kama wazee wa Endebess watawafungulia mlango wakifika Jumamosi, au aibu imeshafika mbali.

Cherop alimtazama Mukhwana pale sakafuni, shati limekunjamana, nyusi zimejaa unga kama kawaida.

"Mje, mzee," alisema mwishoni. "Lakini haya maneno hayajasemwa kwa mama yangu. Huyu asimame aseme na mdomo wake, mbele ya watu wote, alikuwa anamwonea nani wivu."

"Atasema," Sifuna akajibu. "Nitamshika shati."

Na Jumamosi wakaenda. Hema lilikuwa limejaa, wanawake wa Endebess wamevaa leso za kufanana, wazee wa Bungoma wameketi upande wao na kofia magotini. Cherop alivaa gauni la kijani, mkufu mwembamba shingoni. Chuma alikuja pia, maana Kitale hakukuwa na mtu wa kumchemshia, akalala kwenye kivuli cha kiti cha Cherop.

Kabla ya mazungumzo kuanza Sifuna akamgusa Mukhwana bega. Akasimama. Akasema yote, kuku wa kwanza, kuku wa pili, Kimaiyo wa sokoni, ule ujumbe, mpaka alipofika mwisho akaonyesha kwa kidole.

"Nilikuwa namwonea wivu huyo mbwa," alisema. "Naomba mama mzazi anisamehe. Na Cherop."

Hakuna aliyecheka bado, maana baba yake Cherop, mzee Kipketer, alikuwa hajasema kitu. Mzee Kipketer ni mtu wa maneno machache. Alimtazama mbwa, akamtazama binti yake ambaye mkono wake, bila yeye kujua, ulikuwa unamkuna Chuma nyuma ya sikio. Kisha akamgeukia Mukhwana.

"Na leo?" aliuliza.

Mukhwana aliutazama ule mkono ukienda na kurudi.

"Hata leo, mzee," alisema. "Hata sasa hivi."

Hema likavunjika kwa kicheko, mzee Kipketer mwenyewe akiwa wa kwanza. Cherop akauficha uso kwenye leso ya mama yake, mabega yanamtikisika, na alipouinua alisema wazee waanze.