Barafu kwa Mpichi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Istahil alikuwa na kazi tatu. Alifagia ua, akamkama mbuzi wa ayeyo, kisha akayabeba maji yaliyooshewa vyombo na kuyamwagia mpichi. Ayeyo ndilo jina alilomwita nyanya yake, kwa lugha ya kwao. Kazi mbili za kwanza aliagizwa. Ya tatu alijiagiza mwenyewe, na ndiyo pekee ambayo hakuwahi kukumbushwa.

Huo ulikuwa mpichi wa pekee mjini Garsen. Mama yake aliuleta mwaka wa 1996 ukiwa mche ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, alipokuja likizo kutoka Nyeri alikokuwa akisomea uuguzi. Aliuotesha kutokana na kokwa la pichi aliyoila nje ya bweni lao. Baba yake Istahil alikuwa amefariki, na mama aliona heri asome kuliko kukaa akingoja kusaidiwa na ndugu. Mafunzo yalikuwa ya miaka mitatu.

"Pichi nayo huzaa mwaka wa tatu," mama alimwambia Istahil siku ya kuondoka. "Ukiuona mti umechanua, ujue nami niko karibu kurudi."

Mama alisema hivyo ili kumtuliza mtoto aliyekuwa akilia. Mtoto naye akalishika neno hilo kama ahadi. Watu wazima wajihadhari na maneno ya kutuliza watoto, kwani watoto hawasahau.

Istahil aliulea mti ule kama ndugu mdogo. Mvua za El Niño zilipofurisha mto mwishoni mwa 1997, alizungushia shina tuta la udongo na kulijenga upya kila lilipobomoka. Barabara zilikatika. Kwa miezi minne hakukuja basi wala barua. Ayeyo alikuwa mzee na masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengi. Jioni wenzake walipoitwa na mama zao, sauti zile zikivuka nyua, Istahil alikaa karibu na mpichi na kuzungumza nao, kwa kuwa hakuitwa na mtu.

Mti ulinawiri. Kufikia Septemba 1998 ulikuwa umempita kimo, una majani membamba ya kijani. Ua hata moja halikuonekana. Ndipo barua ya mama ikafika.

"Huku mipichi yote imechanua," aliandika. "Vipi wetu?"

Istahil aliisoma barua ile mara nne. Akautazama mti, akatazama lango la ua. Kama hakuna maua, aliwaza, basi hakuna kurudi. Akachukua karatasi akaandika: "Mama, wetu pia umechanua. Maua ni mengi sana."

Usiku huo alilala vizuri. Uongo huanza hivyo, hukupa usingizi wa siku moja.

Jibu lilikuja katikati ya Oktoba. Mama alikuwa amefurahi kupita kiasi. Alikuwa amewasimulia wanafunzi wenzake wote, na angekuja Disemba, kabla ya Ramadhani. "Niwekee pichi ya kwanza," aliandika. "Usimpe mtu."

Istahil alimwambia siri yake Bonaya, aliyekaa naye dawati moja. Bonaya alifikiri kwa muda mfupi tu.

"Si useme nyani wamekula?" alisema. "Wamemaliza mahindi ya watu wote wa Kulesa. Nani atakataa?"

Lilikuwa neno rahisi, na Istahil aliondoka nalo kichwani. Lakini wiki hiyohiyo bwana shamba alikuja shuleni kuzungumza na klabu ya kilimo ya 4K. Aliitwa Bwana Kaviha, Mpokomo wa Kulesa, mtu mrefu mwenye kofia ya ukindu. Istahil akamuuliza kwa nini mti wa pichi hukataa kuchanua.

"Pichi ni mti wa kulala," alisema Bwana Kaviha. "Msimu wa baridi hupumzika. Usipopata baridi haulali, na usipolala hauchanui." Kengele ikalia, naye akaenda darasa jingine.

Istahil hakungoja kusikia zaidi. Mti unataka baridi, naye alijua mahali pa pekee penye baridi Garsen: friji ya mafuta ya taa dukani kwa Ami Abdiwahab, aliyeuza soda na vifuko vya barafu. Kuanzia siku iliyofuata alipita dukani baada ya shule, akaosha chupa na gilasi, akafagia mbele ya duka. Akiulizwa ujira wake, alisema anataka barafu.

"Barafu ya nini kila siku?" Ami Abdiwahab aliuliza. "Mna harusi?"

"Ni ya nyumbani, ami."

Alikimbia nayo jua likiwaka na kuifukia kuzunguka shina. Alipomaliza kufukia, nusu ilikuwa imekwisha kuwa maji. Alifanya hivyo siku kumi na tisa. Mikono ilimchubuka kwa kuosha chupa, na kila asubuhi alikagua tawi baada ya tawi akitafuta kichipukizi cha rangi ya waridi. Mti haukutoa hata kimoja.

Siku ya ishirini ayeyo alimkuta amepiga magoti, vifuko viko mkononi. Mzee aliweka kiganja chake juu ya udongo uliolowa, akashtuka kwa ubaridi wake.

"Istahil, mti huu una homa?"

Istahil alijaribu kucheka, akalia badala yake. Alimweleza ayeyo yote: maua yasiyokuwepo, barua, barafu, hata habari ya nyani. Aliyasema kwa sauti ya juu kwa sababu ya masikio ya ayeyo, na pengine majirani pia walisikia. Ayeyo hakumkemea. Alijifunga mtandio, akamshika mkono, wakaenda ofisini kwa Bwana Kaviha.

Bwana Kaviha aliwafuata hadi nyumbani. Alikata kijitawi, akakichunguza.

"Mti ni mzima kabisa," alisema. "Umetunzwa kuliko mimea yangu mimi. Mbegu yake ilitoka wapi, mama?"

"Nyeri," alisema ayeyo kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Binti yangu naleta."

"Basi mtoto huyu hana kosa la kilimo. Mama wa mti huu amezoea baridi ya mlima, wiki baada ya wiki, mchana na usiku. Barafu ya kifuko kwenye mizizi haiwezi kumdanganya mtoto wake. Pichi si aina moja. Zipo zinazotaka baridi nyingi, na zipo zilizochaguliwa kwa nchi za joto, ambazo zinatosheka na baridi kidogo sana. Anayepanda nyumbani huanza kwa kuuliza: aina gani, na kwetu kuna baridi kiasi gani? Nyinyi wafugaji mnanishangaza. Ng'ombe mnamjua mpaka babu wa saba, lakini mti mnaupokea tu kama mgeni."

Ayeyo aliguna. Kwao dume la mbegu halikuingizwa zizini kabla ya kuuliza mama yake amekunywa maji wapi na amevumilia kiangazi gani. "Mimi nakataa dume tatu, zote nzuri, moja mkwe wangu naleta," alisema. "Mti siulizi. Mimi naona mti ni mti."

Bwana Kaviha alicheka, kisha akamgeukia Istahil.

"Ninaweza kuagiza mche wa aina inayotaka baridi kidogo, uliobebeshwa, yaani kitawi cha aina hiyo kimeunganishwa kwenye shina la mwenzake. Lakini sitakuahidi. Garsen ina joto kali hata kwa huo. Ukikubali kuujaribu, utajaribu ukijua. Na kando yake panda mpera, ambao hapa ni kwao."

"Mche mpya utazaa Disemba?" Istahil aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Kwa Disemba sina mti."

Jioni ile Istahil aliketi na karatasi mapajani. Neno la nyani lilikuwa palepale, tayari kuandikwa. Angeliandika, mama angekuja. Angeandika kweli, huenda mama asione sababu ya kusafiri siku mbili kuja kwa mti usio na kitu na mtoto mwongo. Alikaa mpaka ayeyo akamaliza kuswali magharibi. Kisha akaandika: "Mama, mti haujachanua hata ua moja. Nilisema uongo kwa sababu nilitaka urudi. Nisamehe."

Aliituma asubuhi. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya nne. Hakuna jibu lililokuja. Alimwagilia mti kama kawaida, lakini hakuzungumza nao tena. Shule zilifungwa. Kila basi la kutoka Malindi liliposimama alijikaza asitazame, na kila mara alitazama. Huo ndio ulikuwa upweke mkubwa kuliko wote aliowahi kuujua.

Siku tano kabla ya Ramadhani alikuwa akifagia ua aliposikia akiitwa jina lake kutoka langoni, kama watoto wengine walivyoitwa jioni. Mama alikuwa amesimama na mkoba mmoja, buibui limejaa vumbi. Istahil aliuangusha ufagio lakini hakukimbia.

"Hakuna pichi," alisema.

"Najua. Niliisoma barua yako." Mama alimvuta kifuani. "Ulidhani nasafiri mbali hivi kwa ajili ya tunda?"

Baadaye waliketi chini ya mpichi. Kivuli chake kiliwatosha watu wawili. Mama alishika vidole vya Istahil vilivyochubuka.

"Sasa sikiliza, na mimi nina langu," alisema. "Nilianguka mtihani mmoja mwezi wa Machi. Nimeongezewa miezi sita. Nilikuficha kwa sababu niliona haya, na sikutaka ulie. Nitarudi Nyeri baada ya Idi, na nitamaliza Julai. Nilijibu barua yako mara tatu nikazichana zote, nikaona hili niliseme kwa mdomo."

Istahil alilia, kwa kuwa Julai ilikuwa mbali. Lakini alipomaliza kulia aliona kwamba sasa anajua siku, na siku inayojulikana huhesabika.

Kesho yake Bwana Kaviha alileta miche miwili, mpichi wa nchi ya joto na mpera. Walichimba mashimo, wakachanganya samadi ya mbuzi, na mama mwenyewe akaukanyagia udongo wa mpera. Ayeyo alikuwa ameketi kwenye kigoda akisimamia kazi ambayo hakuna aliyemwomba asimamie.

"Tuukate huu wa zamani?" Bwana Kaviha aliuliza.

"Acha," alisema ayeyo. "Hii nafundisha watu." Kisha akasema na mjukuu wake na binti yake kwa lugha yao, polepole, akiwatazama wote wawili. "Uongo ni kama kokwa lile la Nyeri. Huota upesi, hutoa majani ukadhani ni mali, nawe huumwagilia kila siku mpaka mikono inachubuka. Tunda hauleti. Kabla ya kupanda mti, ulizeni asili yake. Kabla ya kuficha neno, ulizeni litazaa nini."

Baada ya Idi mama aliondoka. Barua ya kwanza ya Istahil ilikuwa fupi: "Mpera una majani manne mapya. Mpichi mpya bado umelala. Nimekukumbuka sana, na hilo pia ni kweli."