Maharagwe Yaliyoanikwa Uani

Kila asubuhi, kabla watoto hawajaletwa, Esnah alipiga magoti akatambaa ua mzima. Bintiye Damaris, mwenye miaka kumi na miwili, alimcheka sana. Esnah aliwalea mchana watoto wa wafanyakazi wa mji wa Ogembo, na alitaka kuona kila kitu kwa kimo chao. Tena hakuwapima wote kwa kipimo kimoja. Natasha alipenda kupanda, kwa hiyo ngazi ilifungiwa ghalani. Haron alikuwa na kifafa, basi hakuachwa karibu na jiko. Kila mzazi aliulizwa mlangoni: wako huyu, tumchunge na nini?

Siku Jeconia alipoletwa mara ya kwanza, mamake Millicent, karani kutoka upande wa ziwa, alieleza kwamba mwanawe wa miaka miwili hutia mdomoni kila anachookota. Siku hiyo pia alikuwa na mafua kidogo. Esnah akamwagiza Damaris, aliyekuwa likizoni, kwamba maharagwe yasianikwe tena uani mtoto huyu akiwepo.

Damaris aliitikia. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na maharagwe yalianza kunuka uvundo. Siku hiyo hiyo mvua ikakatika na jua likatoka, majirani wote walitandika maturubai yao. Esnah alikuwa ametoka kidogo kwenda dukani. Damaris akaona mama anazidisha mambo, maana Natasha na Haron walikuwa wakicheza kando ya maharagwe hayo tangu mavuno na hakuna aliyedhurika. Akayaanika.

Alimpa Jeconia mgongo kidogo tu, amfunge Haron kamba za viatu. Mara akasikia mtoto akipaliwa. Alipogeuka, macho ya Jeconia yalikuwa yamemtoka, na ngumi yake imejaa maharagwe. Damaris akamwinamisha, akampiga mgongoni mpaka akakohoa na kulia. Roho ya Damaris ikatulia. Akakunja turubai mbiombio, akalificha.

Kilio kilipokwisha, kifua cha mtoto kikaanza kutoa mluzi.

Esnah aliporudi aliusikia mara moja, akauliza kumetokea nini. Damaris akasema hajui, labda ni yale mafua. Mama akaamini, akabandika maji ya kumfukizia mtoto.

Damaris alisimama mlangoni akimtazama mtoto. Akisema ukweli, wazazi wangewaondoa watoto wao, na nyumba yao iliishi kwa kazi hiyo. Tena aliogopa uso wa mama. Lakini mbavu za Jeconia zilikuwa zikibonyea kila alipovuta hewa, na midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Woga wa kugombezwa ukawa kitu kidogo sana.

"Mama, si mafua," alisema. "Nilianika maharagwe. Alipaliwa."

Esnah hakumkemea. Alizima jiko, akamwita jirani yao Nyanchera awaangalie watoto, akapanda bodaboda ya Ogari, kijana wa mtaani, huku Jeconia kifuani.

Damaris alikaa uani. Kila pikipiki iliyonguruma barabarani ilimshtua. Magharibi mama akarudi peke yake, akaketi kando yake. Alisema kutoka hospitali ya Ogembo walihamishiwa hospitali kubwa Kisii, na daktari akaitoa punje ya haragwe kwenye njia ya pumzi. Mtoto angelazwa hadi kesho yake, na Millicent alikuwa amefika kukaa naye.

"Ilikuwa imeanza kuvimba," Esnah alisema. "Ningeendelea kumfukiza, tungempoteza. Damaris, mtoto mmoja si kipimo cha mwingine. Haragwe analoliruka Natasha, Jeconia hulitia mdomoni. Ndiyo maana nauliza habari za kila mmoja. Na ukikosea, niambie papo hapo hata kama unaniogopa. Hasira yangu itapoa, lakini pumzi ya mtoto haingoji."

Damaris akalia. Akauliza kama Mama Jeconia anajua ni nani aliyeanika.

"Nimemwambia kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuacha peke yako na watoto."

Damaris akafuta machozi, akaomba simu. Akampigia Millicent hospitalini.

"Mama Jeconia, ni mimi niliyeanika. Kisha nikadanganya."

"Nimekasirika, mwanangu, sitakuficha," Millicent alisema. "Lakini ulisema kabla hatujachelewa. Ngoja, msikilize."

Akaisogeza simu kitandani, na Damaris akamsikia Jeconia usingizini, akipumua polepole.